Mbele ya kununua mbolea, tununue mizani



Saizoni ikikaribia, komite nyingi zinatuuliza swali moja: tutapata wapi mbolea ya dukani, na kwa bei gani? Ni swali la haki. Mfuko mmoja wa kilo 50 unakula pesa ya wanamemba wengi, na barabara zetu zinaongeza bei mbele mfuko ufike kijijini. Lakini sisi waagronome tunaotembelea mashamba tunaona kama kuko swali lingine ambalo komite chache zinauliza: hiyo mbolea tutaipima na nini? Maoni yetu tunayasema wazi. Koperative isiyo na mizani isikimbilie mbolea. Inunue mizani kwanza.

Wengine watasema tunacheza, kwa sababu mizani haioteshi kitu. Basi tueleze. Sababu yetu haitoki kwenye karatasi za wafadhili. Iko ndani ya mizizi ya mahindi, ndani ya damu ya ndama, na ndani ya tumbo la mtoto anayehara. Yote matatu yanafuata sheria moja, na sheria hiyo haisamehi mtu anayekadiria kwa macho.

Maji yanafuata chumvi

Kila kitu chenye uhai kimejengwa na seli. Seli ni chumba kidogo sana, jicho peke yake haliwezi kukiona. Chumba hicho kimefungwa na ngozi nyembamba. Ngozi hiyo inaacha maji yapite bila shida, lakini chumvi na sukari inazizuia, au inazipitisha polepole na kwa kuchagua. Ndani ya chumba kuko maji yenye chumvi, sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka. Inje ya chumba pia kuko maji, yenye vitu vyake.

Sheria ni hii: maji yanatoka upande wenye vitu kidogo vilivyoyeyuka, yanakwenda upande wenye vitu vingi. Wataalamu wanaiita ozmozi. Wamama wanaijua hata kama hawakusikia jina lake. Kata shu na nyanya, weka chumvi, funika sahani. Nyuma ya muda kidogo sahani imejaa maji, na hakuna mtu aliyemwaga maji pale. Chumvi ndiyo iliyoyavuta kutoka ndani ya seli za shu. Makayabo nayo haiozi kwa sababu hiyo hiyo: vijidudu vinavyoozesha samaki vikifika pale, chumvi inavinyang'anya maji yao, haviwezi kuzaana.

Kutoka hapo tunapata hali tatu. Kama maji ya inje yana chumvi kidogo kuliko ndani, maji yanaingia, seli inavimba. Kama maji ya inje yana chumvi nyingi kuliko ndani, maji yanatoka, seli inanyauka. Kama inje na ndani nguvu ni sawa, maji yanaingia na kutoka kwa kipimo kimoja, na seli inabaki na umbo lake. Maji ya hali hii ya tatu yanaitwa izotoniki. Neno limetoka katika Kigiriki: sehemu ya kwanza ni "sawa", ya pili ni "mvuto".

Tunapenda kuwakumbusha wakulima kama neno hili halikuanzia hospitali. Lilianzia kwenye mimea. Mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Hugo de Vries, katika miaka ya 1880 alichukua ngozi nyembamba ya majani, akaiweka katika maji ya chumvi ya nguvu mbalimbali, akaangalia ni wakati gani seli inaanza kujitenga na ukuta wake. Mwenzake wa nchi hiyo hiyo, Hartog Jakob Hamburger, akaichukua kazi hiyo na kuipeleka kwenye damu. Ndiyo sababu leo maji ya chumvi ambayo muganga anatundika kwenye serumu yana gramu 9 za chumvi katika litri 1. Ukiweka chembe nyekundu za damu katika maji matupu, zinavimba mpaka zinapasuka. Ukiziweka katika maji ya chumvi kali, zinajikunja. Katika gramu 9 kwa litri, zinakaa vizuri.

Gramu 9. Hazijai vijiko viwili vidogo vya chai. Uhai wa damu yote umesimama juu ya kipimo kidogo kama hicho.

Chumvi moja, nguvu nyingi

Kuko jambo moja ambalo watu wengi hawaliwazii. Nguvu ya kuvuta maji haifuati uzito. Inafuata hesabu ya vipande vidogo vilivyoyeyuka. Chumvi ikiingia majini, kila chembe yake inagawanyika mara mbili, na vipande vyake ni vyepesi. Kwa hiyo katika gramu moja kuko vingi sana. Sukari haigawanyiki, na kila kipande chake ni kizito.

Wataalamu wanapima nguvu hiyo kwa kipimo kinachoitwa miliozmoli kwa litri. Msiogope jina, sisi tutalinganisha namba tu. Damu ya mtu iko karibu na 290. Gramu 9 za chumvi katika litri 1 zinaleta 308. Ili sukari ya jikoni ilete namba hiyo hiyo, inahitaji gramu 105. Urea inahitaji karibu gramu 18. Kwa maneno mengine, ukikosea gramu 5 za sukari hakuna kitu kikubwa. Ukikosea gramu 5 za chumvi, umebadilisha kila kitu. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, na mkono hauwezi kuisikia. Mizani inaiona.

Kama kuna mtu hasadiki, tunaomba jambo hili lifanyike kwenye mukutano mukuu wa koperative, mbele ya wanamemba wote. Kata vipande viwili vya birayi, vyembamba kama kidole kidogo. Kimoja kiweke katika glasi ya maji matupu. Kingine kiweke katika glasi ya maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Endeleeni na mukutano. Nyuma ya saa moja mbili, toeni vipande vyote viwili. Cha maji matupu kitakuwa kigumu, ukikikunja kinavunjika. Cha maji ya chumvi kitalegea kama mpira. Ni birayi moja, kisu kimoja, na saa moja. Maji tu ndiyo yaliyotofautiana.

Mahindi hayafanani na damu

Hapa tunataka wakulima wasimame kidogo, kwa sababu watu wanachanganya. Kwa damu, usawa ni uzima. Kwa mmea, usawa ni njaa ya maji.

Seli ya mmea iko na ukuta mgumu inje ya ngozi yake. Kwa hiyo haipasuki ikivimba. Inajaa, inasukuma ukuta, na msukumo huo ndio unaosimamisha jani la maharagi na shina changa la nyanya. Mmea unataka maji ya udongo yawe na nguvu ndogo kuliko maji ya ndani ya mizizi, ili maji yaingie siku yote. Nguvu zikiwa sawa, maji hayaingii tena ya kutosha, majani yanaanza kulegea hata kama udongo umelowa. Na kama maji ya udongo yana nguvu kuliko mizizi, maji yanatoka ndani ya mizizi na kurudi kwenye udongo. Mkulima anasema: "Shamba imeungua." Amesema kweli. Imeungua bila moto, kwa kiu, na maji iko hapo hapo.

Tuweke namba. Chukua mahindi yaliyopandwa sentimetri 75 kwa 50, mimea 2 kwa kila shimo. Kwenye are moja kuko mashimo karibu 267. Ukitia kilo 100 za mbolea kwa hekta, ni kilo 1 kwa are, maana yake ni gramu karibu 4 kwa shimo. Gramu 4 za urea zikiyeyuka katika litri 1 ya maji ya udongo zinaleta nguvu ya karibu 70. Mizizi inavumilia. Lakini konzi ya mwanaume inaweza kupita gramu 40. Konzi hiyo katika litri ile ile ya maji inaleta karibu 670, zaidi ya mara mbili ya damu. Hakuna mche mdogo wa mahindi utakaovuta maji pale. Tena urea iko na ubaya wa pili: ikigeuka ndani ya udongo inatoa hewa ya amonia, na hewa hiyo ikiwa nyingi karibu na mbegu inaua kichipukizi.

Angalieni sasa hesabu ya pesa. Aliyetia konzi ametumia mbolea ya mashimo 10 katika shimo 1, na katika shimo hilo amepoteza mahindi pia. Jirani anapita, anaona majani yamekauka kwenye ncha na pembeni, anasema: "Mimi nilisemaka, mbolea ya kizungu inaua udongo." Hapo koperative imepoteza mfuko, imepoteza mavuno, na imepoteza imani ya kijiji. Ya tatu ndiyo inachukua miaka mingi kurudi.

Mvua nayo inaingia katika hesabu hii. Kipimo ambacho ni kizuri wakati udongo umelowa kinakuwa kikali mvua ikisimama, kwa sababu mbolea inabaki ile ile na maji yanapunguka. Kwa hiyo usitie urea kwenye udongo mkavu ukisema mvua itakuja kesho. Tia wakati udongo una unyevu, ifunike na udongo, na uiache mbali kidogo na shina, sentimetri 5 au zaidi. Mbegu na mbolea zisilale kitanda kimoja.

Pompi ni hivyo hivyo. Mtu anayetaka kupulizia urea kwenye majani asipite gramu 10 kwa litri 1 kama hajui mmea wake utavumilia nini. Kwa pompi ya litri 16 ni gramu 160. Na asipulizie saa sita ya mchana. Tone likikauka juu ya jani, maji yanakwenda, urea inabaki, nguvu inapanda kila dakika. Asubuhi mapema au jioni, jani linapata nafasi ya kunywa.

Na mbolea ya nyumbani? Nayo iko na sheria. Mavi ya kuku mabichi yana chumvi na amonia nyingi; yaozeshwe kwanza. Mkojo wa sungura usimwagwe mtupu kwenye miche. Chupa 1 ya mkojo ipate chupa 5 mpaka 10 za maji. Mboji iliyoiva inasamehe zaidi, kwa sababu inatoa chakula chake polepole. Ndiyo sababu wazee wetu walipima kwa mkono na hawakuunguza mashamba. Walikuwa na mkono ule ule kama wetu, lakini kitu walichoshika kilikuwa cha polepole. Urea inayeyuka yote mara moja. Haituombi tuache hekima ya wazee, inatuomba tuongeze chombo ambacho wao hawakuhitaji.

Chupa si litri

Tungeweza kusimama kwenye mbolea, lakini mizani hii iko na kazi nyingine nyumbani kwa mwanamemba, na kazi hiyo ni kubwa kuliko mahindi.

Watu wa Kivu hawahitaji kuelezwa kuhara ni nini. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wengi walipoingia Goma kutoka Rwanda, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Mtu anayehara anapoteza maji pamoja na chumvi. Ukimpa maji matupu peke yake, chumvi hairudi. Ukimpa maji ya chumvi kali, yanavuta maji mengine kutoka mwilini mwake na kuyaingiza tumboni, na kuhara kunazidi.

Dawa yake ni ile poda ya pakiti ambayo santre ya afya inatoa, ya kuchanganya na maji. Ndani yake kuko chumvi na glukozi. Glukozi haikuwekwa ili mtoto apende utamu. Kwenye ukuta wa utumbo kuko mlango ambao chumvi na glukozi vinapita pamoja, mkono kwa mkono, na maji yanavifuata. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza nguvu ya pakiti kutoka 311 mpaka 245, chini kidogo ya damu, ili maji yaingie mwilini kwa urahisi zaidi.

Lakini namba hiyo ya 245 ni kweli kwa mama aliyechanganya pakiti na litri 1 kamili. Na nyumbani kwetu, litri iko wapi? Kuko chupa ya bia ya sentilitri 72. Kuko chupa ya plastiki ya litri 1 na nusu. Zote tunaziita "chupa". Pakiti moja katika chupa ya bia inaleta 340, juu ya damu. Pakiti hiyo hiyo katika chupa ya litri 1 na nusu inaleta karibu 160, chumvi haitoshi. Wamama wawili, pakiti moja moja, upendo mmoja, na watoto wao wamekunywa dawa mbili tofauti. Wala mmoja hakufanya uzembe. Kilichokosekana ni litri.

Hapa ndipo mizani inaonyesha faida yake. Litri 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Weka chupa tupu juu ya mizani, bonyeza irudi kwenye sifuri, mimina maji mpaka kilo 1, piga alama na kisu au rangi. Litri imezaliwa. Siku moja ya mukutano, kila mwanamemba aje na chupa yake ya plastiki ya litri 1 na nusu, na kila mmoja arudi nyumbani na litri yenye alama. Mizani moja inazaa litri mia, na koperative haikulipa franka moja juu yake.

Pakiti ikikosekana, kuko kipimo cha nyumbani: maji safi litri 1, sukari vijiko vidogo vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Kijiko kisawazishwe na kisu, kisilundwe kama kilima. Mukumbuke tulichosema: chumvi ndiyo hatari. Mtoto apewe kidogo kidogo, mara nyingi, anyonye kama kawaida, na apelekwe santre, hasa kama macho yameingia ndani, analala sana au hawezi kunywa.

Kwa ndama anayehara, sheria haibadiliki. Mpe maji ya pakiti yaliyopimwa vizuri, yenye joto kidogo, litri 2 kwa mara moja, mara mbili tatu kwa siku, kati ya saa za kunyonya. Usimkatie maziwa siku nyingi, atakufa na njaa. Usichanganye pakiti ndani ya maziwa. Mwana-mbuzi anapewa kidogo zaidi, na mara nyingi. Damu ikionekana kwenye mavi, au asiposimama, mwite veterineri.

Tukumbuke pia pakiti hii ilipata sifa yake wapi. Ilikuwa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon huko India. Kipindupindu kiliingia, serumu za sindano zikaisha. Muganga Dilip Mahalanabis na watu wake walipima chumvi na glukozi, wakafunga katika mifuko ya plastiki, wakayeyusha katika mapipa, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha. Kati ya waliotunzwa hivyo, waliokufa walishuka mpaka karibu 4 kwa 100. Mbele ya hapo walikuwa karibu 30 kwa 100. Mnaona wenyewe ni nani aliyeokoa watu pale: daktari mmoja, ndugu wengi, na mizani. Kazi ngumu ya kupima ilifanyika mahali pamoja, kazi rahisi ya kunywesha ikaachiwa watu wote. Koperative inaweza kufanya vile vile kwa mbolea.

Wanaotupinga

Kuko wanaosema mizani ni ghali. Tunasema hapana. Mizani ndogo ya jikoni ya betri, inayoonyesha gramu moja moja mpaka kilo 5, bei yake kwa kawaida iko chini sana ya mfuko mmoja wa mbolea. Kama koperative inaweza kununua mifuko 20, inaweza kununua 19 na mizani. Hiyo mifuko 19 itafanya kazi kuliko ile 20.

Kuko wanaosema mkulima hawezi kubeba mizani mpaka shambani. Hatumuombi. Mizani inabaki kwenye depo. Mkulima anabeba kifuniko. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza mbolea, sawazisha, mimina juu ya mizani. Fanya hivyo mara 20. Kama vifuniko 20 vimeleta gramu 80, kila kimoja ni gramu 4. Kama vimeleta zaidi, tafuta kifuniko kingine au usikijaze mpaka juu. Kila mbolea ipate kifuniko chake, kwa sababu NPK na urea hazina uzito mmoja. Kazi hii ni ya nusu saa kwa saizoni nzima.

Kuko wanaosema, na hao tunawaheshimu zaidi, kama tatizo la udongo wetu haliko kwenye mizani: udongo umechoka, una asidi, mmomonyoko unaubeba. Ni kweli. Mizani haitaponya mlima uliovuliwa miti. Lakini udongo uliochoka ndio unaoshika mbolea vibaya zaidi; hauna mboji ya kuzuia maji, kwa hiyo unakauka haraka, na mbolea ile ile inakuwa kali haraka. Mwenye udongo dhaifu ndiye anayehitaji kupima kuliko wote, sawa vile mgonjwa anahitaji kipimo cha dawa kuliko mzima.

Tunachoomba

Kwa komite: mbele ya Saizoni A, mizani iwe kwenye orodha ya manunuzi, mstari wa kwanza, juu ya mbolea. Achagueni mtu mmoja wa kupima na msaidizi wake, wajulikane kwa jina. Kila mwezi waihakikishe kwa litri ya maji yenye alama au pakiti ya chumvi ya kilo 1 isiyofunguliwa. Mbolea isigawanywe kwa konzi wala kwa kopo la Guigoz ambalo hakuna mtu aliyelipima.

Kwa wafadhili na mashirika: mfuko wa mbolea unaofika kijijini bila kipimo ni nusu ya msaada. Tunaomba kila mradi unaogawa mbolea ugawe na mizani, kila unaogawa pakiti za kuhara ugawe na chombo cha litri 1.

Kwa mkulima peke yake: ukiona miche imekauka ncha na pembeni, shamba nzima kwa wakati mmoja, siku chache nyuma ya kutia mbolea, usikimbilie dawa ya ugonjwa. Ugonjwa kwa kawaida unaanza mahali, unatembea. Mbolea kali inapiga palipowekwa, siku moja. Mwagilia maji mengi kama unayo, uipunguze nguvu. Kisha njoo kwenye depo na kifuniko ulichotumia, tukiweke juu ya mizani.

Seli ya mahindi, ya ndama na ya mtoto haijui nani ni masikini, nani ni tajiri, wala nani amesoma. Inajua kama maji yanaingia au yanatoka. Sisi ndio tunaochagua, kwa gramu chache, yaende upande gani.